Mnyama Umwone Mzima

Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili, Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, majuma mawili kabla ya kufunguliwa msimu wa kulungu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana, hamjambo. Bwana asifiwe kwa waliozoea salamu hiyo, na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu niliowaona wameketi kule nyuma. Nawashukuru kwa kuacha mapumziko ya Jumamosi, na najua wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja mpaka hapa.

Sitazunguka. Tangu Agosti nimepigiwa simu na vijana kama sita, na swali lao lilikuwa moja: "Kaka, bunduki ya kuwindia inanunuliwa wapi?" Nimefurahi kwamba wanataka kuwinda. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mafunzo yanafanyika wapi, wala sheria inasemaje. Usiku wa ile simu ya sita sikupata usingizi. Asubuhi nikamwendea mchungaji, nikamwomba hii saa moja.

Nianze na kwetu, kwa sababu hakuna aliyekuja nchi hii akiwa hajui kitu. Wengi humu ni watoto na wajukuu wa wawindaji. Kule Fizi, mashariki mwa Kongo, nilianza kumfuata baba mkubwa porini nikiwa na miaka saba. Wanaume walitandaza nyavu ukingoni mwa msitu. Mbwa walifungwa kengele za mti shingoni, maana mbwa wetu wale hawabweki, na bila kengele humjui mbwa wako alipo. Sisi watoto tulipiga kelele na kugonga miti ili mnyama akimbilie wavuni. Ule ulikuwa ujuzi kamili, una utaratibu wake: nani atangulie, nani apewe paja, nani asiingie porini siku ile. Halafu vita vikatuhamisha. Kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, ujuzi ule ukawa kitu cha kuficha. Mkimbizi hatoki kambini, mgao ni unga na maharage, basi nyama ya porini ikaingia gizani, ikauzwa gizani, ikapikwa gizani. Mnakumbuka jina lake: mchicha wa usiku. Naona waliopita kambini wanatikisa vichwa.

Nimeyataja haya kwa sababu moja tu. Mtu anayewinda kwa njaa na kwa kujificha hujifunza kupiga upesi. Jani likilia, anapiga. Akingoja, ama mnyama ameondoka ama askari amefika. Upesi ule umetukaa mwilini na tumeurithishana bila kuambiana. Hapa Maine, ndugu zangu, upesi ule ndio unaoua watu.

Tarehe 15 Novemba 1988, katika mji mdogo wa Hermon, jirani na Bangor, mama mmoja wa miaka 37 alitoka nje, nyuma ya nyumba yake. Ndani aliwaacha mapacha wake wa kike, hawajafikisha hata miaka miwili. Mikononi alivaa glavu nyeupe. Ndani ya miti iliyopakana na ua wake alikuwepo mwindaji, mtu wa huko huko, anayeheshimiwa. Kulungu wa hapa akishtuka huinua mkia, na chini ya mkia ni weupe mtupu kama pamba. Yule mwindaji alisema aliona kulungu, aliona mkia. Akapiga. Yule mama alifia nyumbani kwake.

Kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 1990 jopo la raia likamwona mwindaji hana hatia. Jimbo zima liligawanyika. Wapo waliosema: angekuwa amevaa rangi ya chungwa, angekuwa hai. Wengine wakajibu: tangu lini mtu akavaa sare ili atembee uani kwake? Mimi niko na hawa wa pili, na nasema hivyo nikiwa mwindaji. Mzigo wa kutazama ni wa mwenye bunduki. Bunge la Maine nalo likaishia hapo hapo, kwa sababu mwaka 1991 lilipitisha sheria ya kutambua shabaha. Sheria ile inasema mwindaji mwenye busara hapigi mpaka awe ameona kichwa na kiwiliwili cha mnyama, karibu bila kizuizi chochote. Sauti peke yake haitoshi. Mtikisiko hautoshi. Rangi haitoshi. Mkia mweupe hautoshi.

Kichwa na kiwiliwili. Kama kuna mtu atalala usingizi katika sehemu nyingine yote ya maneno yangu, basi aondoke na hayo mawili. Mnyama umwone mzima.

Na msidhani sheria ilimaliza tatizo. Mwaka 2017, siku ya kwanza ya msimu, kule Hebron, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa tulipo, mama mwingine wa miaka 34 alikuwa kwenye ardhi yake mwenyewe akichimba mawe ya thamani. Mwindaji akamdhania kulungu. Safari hii yule mwindaji alikiri mahakamani kwamba aliua, akafungwa. Lakini kifungo hakimrudishi mtu.

Mnaweza kujiuliza, mtu mzima anawezaje kumwona binadamu akadhani ni mnyama? Niliuliza hivyo hivyo siku ya mafunzo, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini. Sasa niwasimulie lililonipata mwaka wangu wa tatu wa kuwinda hapa.

Ilikuwa wiki ya tatu ya Novemba, kama saa kumi jioni, jua limeshaanza kuzama. Nilikaa chini ya mwaloni tangu saa saba. Baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Siku nne sijaona hata kwato. Mara nikasikia majani makavu: cha, cha, kimya. Cha, cha, kimya. Mnajua kulungu anavyotembea, hatua mbili anasimama anasikiliza. Ni vile vile. Nikatazama kwenye vichaka vya misonobari, nikaona mgongo wa kahawia, umeinama, unakula. Ndugu zangu, niliona masikio. Naapa niliona masikio. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia masikioni mwangu, na kidole gumba changu kilishasukuma sefti, kile kizuizi cha kufyatua.

Kilichonizuia ni maneno ya mwalimu wetu, mzee mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea: "Usitafute sababu ya kupiga. Tafuta sababu ya kutopiga." Nikarudisha sefti. Bunduki nikaiacha mapajani, nikachukua darubini ya mkononi. Mgongo ule ukainuka. Ulikuwa mgongo wa mzee wa kizungu, kavaa koti la kazi la kahawia, kabeba kifuani matawi ya msonobari. Novemba baada ya baridi kukaza, watu wa huku huingia msituni kukata ncha za matawi yale kwa ajili ya mashada ya Krismasi. Majani niliyoyasikia yakilia hatua mbili mbili yalikuwa yeye, anakata tawi, anasogea, anakata jingine. Masikio niliyoyaona yalikuwa matawi.

Hakuniona. Nilikaa pale mpaka giza, miguu ikikataa kusimama. Mke wangu yuko hapa, ni shahidi wa hali niliyorudi nayo nyumbani.

Jicho lenye hamu hujichorea. Umekaa siku nne ukimtamani kulungu, basi ubongo unachukua kipande cha kahawia, unakiongezea masikio, unakiongezea mkia, unakuletea kulungu mzima ambaye hayupo. Uaminifu na umakini vya kawaida havimkingi mtu hapo. Kinachomkinga ni mazoea aliyoyapata kabla hajaingia porini, mpaka mkono unafanya wenyewe. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwa uwindaji wa hapa wenyeji wanakudai yote mawili, na darubini juu yake.

Sasa njooni tuangalie mazoea yenyewe. Kijana, hebu nipe ile fimbo ya ufagio. Bunduki halisi sijaleta kanisani na sitaleta.

Hii ndiyo bunduki yangu. Jambo la kwanza, ina risasi. Hata ukiniambia umeitoa sasa hivi, hata nikikuona ukiitoa, mimi naishika kama ina risasi. Ukinipa, nafungua chemba, pale risasi inapokaa, mbele yako nachungulia. Usione vibaya, si kukushuku. La pili, mdomo wake hautazami mtu, hata kwa sekunde ya kugeuka. Ona, nikigeuka hivi kumsalimu mama mchungaji, mdomo umepita mbele ya watu wangapi? Nimewapitia watu nane. Nikitaka kugeuka, nainua mdomo kwanza, ndipo nageuza mwili. La tatu, kidole kinalala ubavuni, nje ya kifyatulio, mpaka macho yamekwisha kuamua. Na la nne, lazima nijue kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ya bunduki ya .30-06, ile ambayo wengi hapa wanaitumia kwa kulungu, inaweza kuruka zaidi ya maili 3. Toka mlango wa kanisa hili, vuka mto Androscoggin uingie Auburn, endelea. Hata ile ndogo ya .22 inaweza kupita maili moja. Kwa hiyo kulungu aliyesimama juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, huyo mwache aende. Hujui risasi itaangukia kwa nani.

Mkiwa wawili au watatu, kila mtu ana eneo lake la kupigia. Simameni kidogo wote, tufanye. Nyosheni mikono pembeni, dole gumba juu. Tazama mbele, usigeuze kichwa. Sasa leta mikono mbele polepole mpaka uyaone madole gumba yote mawili bila kugeuka. Hapo. Kilicho katikati ya madole ni chako. Kilicho nje ni cha mwenzako, na hata kulungu mwenye pembe kama mti wa Krismasi akipita huko, si wako. Asanteni, kaeni. Mama zetu mmefanya vizuri kuliko wanaume, nimewaona.

Darubini iliyo juu ya bunduki si ya kutazamia. Anayetazama mtu kwa darubini ya bunduki amemwelekezea bunduki mtu. Nunua ya mkononi, hata ya bei ndogo.

Kuna ajali nyingine ambazo hazina risasi kabisa. Wengi hapa hupanda dungu, lile jukwaa la juu ya mti, kama tulivyojenga madungu ya kulinda mashamba. Wawindaji wengi wanaumia kwa kuanguka kutoka huko kwa sababu ya barafu, kwa sababu ya usingizi, kwa sababu ya viatu vizito. Funga mkanda wa mwili kabla mguu haujaacha ardhi mpaka utakaporudi chini. Bunduki usipande nayo. Itoe risasi, ifunge kwa kamba, panda wewe, kisha uivute. Ukifika kwenye ua wa waya, vivyo hivyo: risasi nje, ilaze upande wa pili, mdomo ukitazama mbali nawe, ndipo uvuke. Na nyumbani ikae tupu, imefungwa kwa ufunguo, na risasi zikae mahali pengine. Tunaishi kwenye apatimenti zenye watoto wanane, na mtoto hakosi kujua baba anaficha wapi.

Nije kwenye sheria. Kitabu cha sheria za uwindaji cha jimbo hutolewa upya, kinapatikana bure, na ni wajibu wenu kukisoma. Mimi nitazungumzia zile zitakazotunasa sisi hasa, kwa sababu ya tulikotoka.

Kufukuza. Ule uwindaji niliowasimulia wa kelele na kugonga miti, kwa kulungu wa hapa ni kosa. Watu watatu, basi, wanaweza kuwinda pamoja, tena bila vyombo vya kelele. Mkienda saba mkajipanga mstari kumsukuma mnyama, nyote saba mmevunja sheria, hata asiye na bunduki. Na sababu yake iko wazi ukifikiri: watu wanatembea kuelekea mahali ambapo wenzao wamesimama na bunduki, na mnyama anapita katikati. Mbwa kumfukuza kulungu, kosa. Mtego wa waya kwa kulungu, kosa. Kumwagia mahindi au matofaa ili aje ale umpige, kosa.

Usiku. Hili linanipa wasiwasi kuliko yote, maana kwa wengine wetu kuwinda maana yake ni tochi. Saa halali za kulungu zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, zinaisha nusu saa baada ya kuzama. Ukimulika kulungu usiku na bunduki mkononi, hiyo si faini ndogo ya kulipa na kwenda. Kosa la kwanza la kuwinda usiku hapa lina kifungo cha siku 3 kwa uchache na faini isiyopungua dola 1,000. Hakimu hana ruhusa ya kushusha chini ya hapo.

Jumapili hakuna kuwinda. Wapo wenyeji walioipeleka sheria hiyo mahakamani, wakisema katiba ya jimbo tangu 2021 inampa mtu haki ya chakula, na mwaka 2024 mahakama ya juu ya Maine ikawakatalia. Kwa hiyo sisi tunaokuja ibadani Jumapili hatupotezi kitu.

Bunduki ndefu yenye risasi ndani ya gari, kosa. Kupiga ukiwa barabarani, au risasi kuivuka barabara ya lami, kosa. Kupiga ukiwa ndani ya yadi 100 kutoka nyumba ya mtu bila ruhusa yake, kosa. Yadi 100 ni kama urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Pima kwa macho kabla, usipime baada.

Ukimpata kulungu, mfungie lebo yako kabla hujamsogeza, na umsajili kwenye kituo ndani ya saa 18. Kazi hii inawaudhi vijana, wanaona ni usumbufu wa serikali. Mimi naipenda. Kwa usajili ule wataalamu wanajua kulungu wangapi wamechukuliwa, na mwaka unaofuata wanapanga vibali vya majike kutokana na hesabu hiyo. Nilikotoka, nyani walibaki na swala wakaisha, kwa sababu hakuna aliyehesabu.

Na nyama haiuzwi. Hata kilo moja, hata kwa jirani, hata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Unaweza kugawa bure, na ukigawa, andika kwenye mfuko jina la aliyemsajili mnyama na mwaka aliouawa. Akina mama, nimeshaona matangazo ya nyama ya porini mitandaoni kwa majina ya mafumbo. Mchicha wa usiku uishie kambini.

Hapa kuna neno zito, naomba utulivu. Kabla hujagusa bunduki, ijue karatasi yako. Mwenye kadi ya kijani, na aliyeletwa nchini kama mkimbizi, sheria ya shirikisho haimzuii kumiliki bunduki kwa sababu ya hadhi yake tu. Lakini ndugu zetu ambao kesi zao za hifadhi hazijaamuliwa, au viza zilizowaleta zimekwisha, msiguse bunduki kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji. Kwa asiye na hadhi halali, kuishika tu ni kosa la shirikisho. Hata kuazimwa. Hata kumshikia rafiki wakati anavuka kijito. Na kwa yeyote kati yetu ambaye hajawa raia, kukutwa na hatia ya kosa la bunduki kunaweza kumfukuzisha nchini. Umevuka Ziwa Tanganyika, umekaa kambini miaka kumi na saba, umehojiwa mara nane, umepanda ndege. Usiyarudishe hayo yote nyuma kwa ajili ya mnyama mmoja.

Kuhusu askari wa wanyamapori. Najua mioyo inavyoruka tukiona sare porini. Kule askari pori alikuwa mtu wa kukimbiwa, na wapo humu wenye makovu. Hapa askari wa wanyamapori, ambaye kikosi chake kipo tangu 1880, anaweza kukutokea msituni wakati wowote. Usikimbie. Simama, elekeza mdomo wa bunduki chini mahali salama, mkono mbali na kifyatulio, msalimie, ngoja akuambie. Leseni ikae mfuko wa nje ili usianze kupekua ndani ya koti. Akisema fungua chemba, fungua polepole. Nimesimamishwa mara mbili. Mara ya pili yule askari alinionyesha nyayo za dubu ambazo nilikuwa nimezipita bila kuziona.

Na ardhi ni ya watu. Zaidi ya asilimia 90 ya jimbo hili ni mali ya watu binafsi na makampuni, na kwa desturi ya hapa mwenye ardhi huacha watu wawinde mpaka aweke kibao cha kukataza. Ukiona mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti, maana yake usiingie bila ruhusa. Mimi nasema hata pasipo na rangi, piga hodi. Nenda Septemba, mchana, umevaa vizuri, mpeleke mwanao. Mwambie mzee jina lako na gari lako ni la rangi gani. Nilikwenda hivyo kwa mkulima mmoja kule Sabattus. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama nimesoma mafunzo. Nikamtolea cheti. Akaniambia kulungu wanamlia matofaa upande wa mashariki. Bila cheti kile sidhani kama tungefika mbali.

Nyama yenyewe, neno fupi tu kwa wapishi. Maini na figo za kulungu wa hapa na za yule mnyama mkubwa wa pembe pana wanayemwita moose, wataalamu wa jimbo wanashauri zisiliwe, kwa sababu hukusanya madini ya sumu yaitwayo kadimiamu. Najua maini kwetu ni sehemu ya mzee. Mzee apewe mnofu wa mgongo. Na ndugu zetu Waislamu wananikumbusha kwamba kwao bismillahi husomwa wakati wa kufyatua. Basi nayo ni pumzi moja ya kutulia kabla ya risasi, na ingefaa kila mtu avute pumzi kama hiyo kwa imani yake.

Mafunzo ya usalama ndiyo mlango. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na leseni hapati leseni ya kawaida ya kuwinda kwa bunduki hapa bila cheti hicho. Jimbo la New York ndilo lililoanza kulazimisha mafunzo ya aina hii mwaka 1949, na sehemu ya fedha za kuyaendesha nchi nzima inatokana na kodi ya bunduki na risasi chini ya sheria ya mwaka 1937, kwa hiyo wawindaji wenyewe ndio wanaolipia. Aliyefikisha miaka 16 anaweza kuyasoma kwa intaneti. Nawashauri msiishie kwenye intaneti. Tafuteni darasa la ana kwa ana, mshike, mjaribu, mkosolewe. Aliye chini ya miaka 16 haendi porini bila mtu mzima wa kumsimamia. Kiingereza kikikushinda, kila Jumanne jioni nakaa chini ya kanisa hili na watu wawili watatu, tunasoma sura moja moja, tunatafsiri, tunabishana. Hakuna malipo.

Nimeona mama mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja saa halali. Anasema yeye hawindi na mumewe hawindi, lakini mwanae hupanda basi la shule saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, barabarani, kando ya miti. Anauliza kama naye yamhusu.

Mama, yanakuhusu kuliko wote. Katikati ya Novemba jua hapa linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Maana yake kuanzia saa kumi na mbili mwindaji ana ruhusa ya kupiga, na mwanao amesimama pembeni ya miti katika mwanga ule ule hafifu. Mwindaji wa kulungu kwa bunduki analazimishwa na sheria kuvaa vipande viwili vya rangi ya chungwa inayong'aa, kofia na kizibao. Mwanao halazimishwi na yeyote, na hatakuwa na kosa lolote akivaa bluu. Wajibu ni wa mwenye bunduki, nimesema na sirudi nyuma. Lakini wewe mvalishe. Glavu nyeupe, kofia nyeupe, mtandio mweupe, vyote vikae kabatini mpaka Desemba, hata kwako wewe unayetembea jioni. Mkoba wake wa kahawia ufungie kitambaa cha chungwa.

Vizibao viko pale mlangoni, vya watu wazima juu, vya watoto ndani ya boksi la chini. Mwanao ndiye yule mwenye sweta ya kijani? Mlete hapa mbele tumpimie sasa hivi, nione kama kinapita juu ya koti la baridi.